Mgeni Mlangoni pa Zahanati: Wakimbizi wa 1972, Mkoa wa Tabora, na Swali la Kuridhika

Mwanafunzi wa Ziba, katika Wilaya ya Igunga, akitaka kujifunza habari za wahamiaji hana haja ya kuanza na mabara ya mbali. Mkoa wake wa Tabora umezoea wageni tangu kabla ya mipaka ya nchi zetu kuchorwa. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: tawi moja likaelekea Ujiji, jingine Karagwe na Buganda. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walishuka pwani na pembe za ndovu wakapanda na nguo, shanga na waya. Walibeba pia mzigo ambao haukuandikwa katika daftari la mfanyabiashara yeyote, nao ni ndui.

Msafara ulipopatwa na ndui, mgonjwa aliachwa njiani. Hapakuwa na zahanati, wala mtu aliyewajibika kisheria kumtunza. Maisha yake yalitegemea kijiji alichoangukia: kama kilimwogopa alikufa, na kama kilimpokea huenda alipona, au huenda alikiambukiza. Hata wageni wenye fedha hawakuwa salama. Dakta David Livingstone, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu, alipoteza sanduku lake la dawa Januari 1867 pale wapagazi wawili walipotoroka nalo, na kwinini yake yote ikaenda. Miaka mitano baadaye alikaa Kwihara, karibu na mji wa Tabora, miezi kadhaa akisubiri watu na vifaa. Aliondoka hapo Agosti 1872 akiwa tayari amedhoofika, na mwaka uliofuata alifariki.

Tangu wakati huo hali imebadilika sana, lakini swali lenyewe halijabadilika. Mtu anapougua katika nchi isiyo yake, ni nani anayempokea, kwa lugha gani, kwa gharama ya nani? Na sisi tutajuaje kama amepokewa vyema? Swali hilo la mwisho ndilo hasa shabaha ya makala haya, kwa kuwa ni swali la kisayansi, na ni gumu kuliko linavyoonekana.

WATU WALEWALE, MILANGO MITATU

Mwanasayansi anayetaka kulinganisha dawa mbili huwapa wagonjwa wanaofanana dawa tofauti, kisha akatazama matokeo. Mambo ya jamii hayaruhusu majaribio ya namna hiyo. Hakuna mtu mwenye haki ya kuwatawanya binadamu katika nchi tatu ili apate takwimu. Mara chache, hata hivyo, historia hufanya kitendo hicho pasipo kumwuliza mtu. Ndivyo ilivyowatokea Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972.

Mauaji yaliyoanza Burundi mwezi Aprili mwaka huo yaliwaua watu wengi mno, wakiwamo walimu, wanafunzi na kila aliyeonekana kuwa na elimu miongoni mwa Wahutu. Waliosalimika walivuka mpaka, na walio wengi waliingia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi katika makazi matatu makubwa: Katumba na Ulyankulu, yaliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Mishamo, yaliyofunguliwa 1978 baada ya Ulyankulu kujaa watu kupita uwezo wa maji na ardhi yake. Ulyankulu iko katika Mkoa huu wa Tabora, leo katika Wilaya ya Kaliua. Katumba na Mishamo ziko upande wa Mpanda. Kazi ya kuyaanzisha makazi iligawanywa kati ya serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na shirika la Kilutheri la kuwahudumia wakimbizi, TCRS, lililokuwapo nchini tangu 1964. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Ulyankulu jembe halikungoja siku ya tatu: lilitolewa pamoja na mbegu na chakula cha kuanzia. Zahanati zilijengwa pamoja na shule na visima. Kufikia 1985 makazi yote matatu yalikwisha kukabidhiwa serikalini, na zahanati hizo zikawa sehemu ya mfumo uleule unaomhudumia mwananchi wa Ziba au wa Nzega.

Wakati wa kuamua ulifika 2007 na 2008. Warundi wa 1972 na watoto wao waliokuwa katika makazi hayo, jumla yao kama 218,000, waliulizwa: mtarudi Burundi, au mtaomba uraia wa Tanzania? Zaidi ya 50,000 walirudi. Waliobaki waliomba uraia, na 162,156 walikubaliwa. Vyeti vyao vilianza kutolewa 2014. Kundi jingine, Warundi wa mwaka uleule wa 1972 waliokuwa wakiishi katika kambi za kaskazini-magharibi, walichukuliwa Marekani kuanzia 2007, watu elfu nane na ushei.

Tazama basi. Watu wenye asili moja, walioathiriwa na msiba mmoja, wamesimama mbele ya milango mitatu ya zahanati. Mmoja uko Ulyankulu, wa pili uko katika kilima cha Burundi, wa tatu uko katika mji wa Marekani wenye theluji.

Katika mlango wa kwanza, mgonjwa anakijua Kiswahili, au angalau watoto wake wanakijua. Anajua foleni, anajua kadi ya kliniki, anajua kwamba mama mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano hawatozwi. Linalomsumbua linamsumbua pia jirani yake Mnyamwezi: umbali, upungufu wa dawa, mganga mmoja kwa wagonjwa wengi.

Katika mlango wa pili yupo mtu aliyerudi "nyumbani". Burundi ilikuwa imeondoa malipo ya uzazi na ya watoto chini ya miaka mitano tangu 2006, kwa hiyo kwa upande wa fedha mama kijana hakuwa na la kulalamikia. Lakini kijana aliyezaliwa Ulyankulu alisoma kwa Kiswahili na Kiingereza. Akipewa karatasi iliyoandikwa Kifaransa anaigeuza mkononi kama barua ya mtu mwingine. Pengine hapa ndipo mahali pa ajabu kuliko pote katika habari hii, kwamba mtu anaweza kuwa mhamiaji katika nchi ya baba yake.

Katika mlango wa tatu vifaa ni vingi kupita mategemeo. Wakati ule mkimbizi aliyewasili Marekani aliweza kulipiwa matibabu kwa miezi minane ya kwanza, na sheria ya haki za raia ya 1964 inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kutombagua mgonjwa kwa asili ya taifa lake, jambo ambalo limefasiriwa kuwa ni pamoja na kumpatia mkalimani. Lakini mkalimani wa lugha gani? Kwa kuwa mgonjwa ametoka Tanzania, si ajabu simu ikapigwa kwa mkalimani wa Kiswahili, naye bibi wa miaka sabini akaeleza kifua chake kwa lugha ya sokoni ilhali maumivu yake anayajua kwa Kirundi.

MANENO YANAYOFANANA

Watu wengi hudhani kuwa shida ya lugha hutokea pale lugha zinapotofautiana sana. Sivyo kila mara. Muuguzi asiyejua Kichina anajua kwamba hajui, kwa hiyo hutafuta msaada. Hatari kubwa imo katika maneno yanayofanana.

Chukua neno "umuganga". Kwa Kirundi huyo ni daktari wa hospitali. Katika Kiswahili cha leo neno "mganga", likisemwa peke yake, humpeleka msikilizaji kwa mtu wa mitishamba, ingawa cheo cha Mganga Mkuu wa Mkoa kingalipo kama kawaida. Sasa muuguzi anamwuliza mama Mrundi, "Je, kabla ya kuja hapa ulimpeleka mtoto kwa mganga?" Mama anaitikia kuwa ndiyo, mara mbili, na alipewa dawa. Yeye ana maana ya zahanati nyingine. Muuguzi anaandika kwamba mtoto amekunywa mitishamba, uso wake unakunjamana, na pengine anatoa karipio. Mama hajui amekosa nini. Au chukua "umuti", ambalo kwa Kirundi ni dawa, na sikio la Mswahili husikia mti. Hakuna aliyesema uongo katika mazungumzo hayo wala aliyekusudia ubaya, lakini kumbukumbu ya mgonjwa imekwisha kuharibika.

Salamu nayo ina kazi yake. Muuguzi wa Igunga anayemwambia mgonjwa "Mwangaluka, mayo" amekwisha kumtuliza kabla ya kumgusa. Mama aliyekulia katika "Mwaramutse" hupitwa na tiba hiyo ndogo. Mambo haya hayapimwi kwa kipimajoto, lakini yanaonekana katika jambo moja linalopimika: kama mgonjwa atarudi kumaliza matibabu au hatarudi.

MWILI NAO NI MGENI

Mhamiaji hahamishi ulimi peke yake. Anahamisha damu yake pia, pamoja na kinga iliyomo au isiyokuwamo.

Sehemu kubwa ya Burundi ni milima. Vimelea vya malaria vya aina ya falsiparamu haviwezi kukamilisha ukuaji wao ndani ya mbu iwapo joto liko chini ya kiasi cha nyuzi 18 za Selsiasi, na kwa hiyo katika nyanda za juu sana malaria ilikuwa haba, tofauti na bonde la Imbo lililo kando ya Ziwa Tanganyika. Uwanda wa Tabora una mwinuko wa mita 1,200 hivi, na joto lake humfaa mbu mwaka mzima. Mtu mzima aliyezaliwa Tabora ameumwa malaria mara nyingi utotoni. Mwili wake umejifunza kuizuia isimwue, ingawa hauifukuzi kabisa. Mtu mzima aliyeshuka kutoka milimani hajapata mafunzo hayo. Kwake yeye ugonjwa ambao mwenyeji huuita "homa tu" unaweza kumwua kama unavyomwua mtoto mchanga. Mwenyeji akimwambia asihofu, anampa ushauri wa kweli kwa mwili usio wake.

Kuna pia malale. Ulyankulu ilifyekwa katikati ya miombo, na miombo ni maskani ya mbung'o. Malale ya upande huu wa Afrika huenda kasi. Mgonjwa asipotibiwa anaweza kufa katika muda wa miezi. Dalili zake za mwanzo, yaani homa, kichwa kuuma na viungo kuchoka, hufanana mno na za malaria, na kinachoweza kutofautisha ni hadubini na tone la damu, pamoja na jeraha mahali mbung'o alipouma, endapo lipo. Mgeni hajui kuwa kule kuumwa na nzi shambani ni habari inayostahili kumwambia daktari. Asipoulizwa, hasemi.

Wataalamu wa nchi za Magharibi wameona mara nyingi kwamba wahamiaji wanapowasili huwa na afya bora kuliko wenyeji. Sababu yake ni rahisi: anayeamua kusafiri mbali kutafuta kazi aghalabu ni kijana mwenye nguvu. Kanuni hiyo haifai kwa wakimbizi. Anayekimbia hachaguliwi kwa nguvu zake. Hukimbia kikongwe, mja mzito, mtoto wa siku tatu na mwenye jeraha. Mei 2015, Warundi wengine walipokimbia kwa makumi ya maelfu na kukwama Kagunga, kijiji cha Kigoma kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kilizuka na kuua makumi ya watu kabla meli ya MV Liemba na vyombo vingine havijawahamisha wote. Hapo hapakuwa na suala la kuridhika na huduma. Palihitajika maji safi, vyoo na chumvichumvi za kunywa.

JE, UMERIDHIKA?

Sasa turudi kwenye swali letu la kipimo. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuketi kwenye benchi la zahanati moja ya mkoa huu, ambayo haina haja ya kutajwa, pembeni ya bibi mmoja Mrundi. Bibi alikuwa amefika kabla ya jua kuchomoza. Alinieleza kwa kirefu kwamba dawa aliyoandikiwa haipo, na kwamba hakuelewa nusu ya aliyoambiwa. Punde akaja kijana mwenye karatasi ya maswali, akamwuliza, "Bibi, umeridhika na huduma?" Bibi alijibu bila kusita, "Nimeridhika sana, mwanangu." Kijana akatia alama na kuondoka.

Bibi alidanganya? Sidhani. Kwanza, aliyeulizwa alikuwa mgeni, na mgeni wa miaka mingi hajifunzi kulaumu chakula cha mwenyeji wake. Pili, kijana alikuwa na kalamu na kitambulisho shingoni, na watu waliokimbia serikali moja hawasahau kwamba kalamu huweza kuorodhesha majina. Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi, kuridhika si kiasi cha huduma. Ni tofauti kati ya kile mtu alichokipata na kile alichokitarajia. Aliyetoroka akiwa na mtoto mgongoni analinganisha zahanati na msitu aliolala. Mjukuu wake aliyezaliwa Ulyankulu analinganisha zahanati ileile na hospitali ya Kitete mjini Tabora. Dawa ni moja, muuguzi ni mmoja, na majibu ni mawili. Hivyo asilimia ya walioridhika inaweza kushuka ilhali huduma inapanda, kwa sababu watu wamekwisha kujihesabu kuwa ni wenyeji na wameanza kudai haki.

Mtu aliyelipanga vizuri jambo hili ni Avedis Donabedian, na ni vyema tujue kwamba naye alikuwa mtoto wa Waarmenia waliokimbia dhuluma za dola ya Waturuki. Alizaliwa Beirut 1919, akakulia Palestina, akasomea udaktari, kisha akahamia Marekani. Mwaka 1966 aliandika kwamba ubora wa matibabu uchunguzwe katika mambo matatu: vifaa na watu waliopo, jinsi kazi inavyotendwa, na matokeo kwa mgonjwa. Ukiuliza juu ya kuridhika peke yake umekamata kipande kimoja cha matokeo, tena kile kinachoyumba zaidi.

Yupo pia mtego wa hesabu, na walimu wanaweza kuutumia darasani. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika mwezi mmoja waliougua ni 400. Kati yao 240 walikwenda zahanati, na walipoulizwa mlangoni 216 walisema wameridhika. Hiyo ni asilimia 90, na ripoti itapendeza. Lakini tukiwafuata majumbani wale 160 wasiokwenda, tunakuta 100 wanasema waliacha kwenda kwa sababu safari iliyopita walipokewa vibaya. Hao nao wanaijua zahanati. Basi walioridhika ni 216 kati ya 340, yaani kama asilimia 64. Utafiti wa mlangoni uliwahesabu waliorudi tu. Kwa wahamiaji kosa hili huwa kubwa zaidi, maana baadhi yao hujificha. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyeishi na Warundi hawa katikati ya miaka ya 1980, aliona tofauti kubwa kati ya wale wa Mishamo, walioshikilia utambulisho wao wa ukimbizi, na wale wa mji wa Kigoma, waliojichanganya na wenyeji hata wasitambulike. Huwezi kumwuliza mhamiaji maswali ya uhamiaji iwapo amekwambia yeye ni Muha.

KADI ISIYOSAFIRI

Tumalizie Igunga tulikoanzia, maana wilaya hii ina nafasi yake katika historia ya afya ya nchi. Matibabu ya serikali yalipoanza kuchangiwa mwaka 1993, ilibidi itafutwe njia ya kumwezesha mkulima kulipa wakati wa mavuno badala ya wakati wa homa. Igunga ndiyo wilaya iliyochaguliwa kwa majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii kuanzia 1996. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka, serikali ikaongeza kiasi kilekile kwa utaratibu uliopewa jina la "tele kwa tele", na kaya ikatibiwa mwaka mzima. Sheria ya 2001 iliueneza mfuko huo nchini.

Wanachama hawakuwa wengi kama ilivyotarajiwa. Sababu zilizotajwa mara kwa mara ni ukosefu wa dawa, na ukweli kwamba kadi ilifanya kazi katika kituo ulichojiandikisha na si kwingineko. Kwa mkulima asiyetoka kijijini hilo halikuwa kubwa. Kwa mtu anayehama lilikuwa jambo la kumkatisha tamaa: mfugaji anayefuata malisho, kibarua wa tumbaku wa msimu, raia mpya ambaye nduguze wako Mishamo na shamba lake liko Ulyankulu. Mfuko ulioboreshwa wa 2018 ulipandisha mchango hadi shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na ukaruhusu rufaa hadi hospitali ya mkoa. Mwaka 2023 ikatungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Raia wapya walikuwa na shida yao ya ziada katika miaka hiyo. Mpango wa awali ulitaka waondoke makazini na kutawanywa katika mikoa mbalimbali. Baadaye mpango huo uliachwa, nao wakaruhusiwa kubaki. Katikati palikuwa na miaka ya kutojua. Mtu anayeambiwa atahama hapandi mwembe, na ni vigumu kumshawishi alipe mchango wa mwaka mzima kwa kituo ambacho huenda mwakani atakuwa mbali nacho.

Shule zilizo karibu na Ziba zinaweza kufanya uchunguzi mdogo juu ya haya, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi na ya wazazi. Wanafunzi wasianze na "Umeridhika?" Wamwulize mgonjwa, akiwa nyumbani kwake na si kwenye benchi: ulifika saa ngapi, ukaondoka saa ngapi, uliambiwa unaumwa nini, dawa hii unainywa mara ngapi kwa siku, nani alikufasiria. Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, na jina la mtu lisiandikwe. Kisha mwanafunzi alinganishe jibu la tatu na maandishi yaliyo juu ya bahasha ya dawa.